Usukani Unapocheza: Viungo vya Mbele vya Ferguson TE20

Trekta ya Ferguson TE20 iliyochoka inaweza kuzungushwa usukani karibu robo duara kabla matairi ya mbele hayajaitika. La kwanza kulaumiwa huwa boksi la usukani, na mara nyingi hulaumiwa bure.

Boksi hilo hupunguza mzunguko wa mikono ya dereva ili kuongeza nguvu. Tuchukulie linapunguza mara 15. Kulegea kwa nyuzi 2 tu katika viungo vilivyo chini yake huonekana juu, mikononi mwa dereva, kama nyuzi 30. Kulegea kwa upande wa usukani wenyewe hakuzidishwi. Ndiyo maana ukaguzi huanzia ardhini: mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine ashike kila kiungo kwa zamu na kusikiliza kwa vidole.

Trekta hizi zilitengenezwa Banner Lane, Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Hazina fimbo moja ya kuunganisha matairi mawili kama gari dogo. Kila tairi lina fimbo yake inayotoka kwenye boksi na kupita ubavuni mwa injini, na kila ncha ya fimbo ina tairodi endi: tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma.

Mpira wa kuzuia vumbi ukipasuka, mchanga huingia. Chembe za kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na zikichanganyika na grisi kuukuu huwa msasa unaofanya kazi kila dereva anapokata kona.

Kuing'oa tairodi endi kuna fizikia yake. Shina lake limechongwa kwa mteremko mdogo sana, kwa hiyo msuguano pekee hulishikilia hata nati ikiondolewa. Fundi mzoefu hapigi shina. Huegemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa chuma ambamo shina limeingia, kisha hupiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Kwa kitambo kidogo jicho hubonyea, mshiko hukatika, na shina huanguka lenyewe.

Kingpini, nguzo ya chuma ambayo tairi la mbele huizungukia likikata kona, ndiyo yenye hila. Tairi limekaa pembeni mwake, hivyo uzito wa trekta huisukuma kingpini ilale: juu inabana upande mmoja wa bushi inayoizunguka, chini upande wa pili. Bushi hulika kwa umbo la yai, na kingpini nayo huliwa palepale. Kuweka bushi mpya kwenye kingpini iliyolika ni kupoteza pesa. Bushi mpya nayo, ikishindiliwa, husinyaa kidogo tundu lake, kwa hiyo lazima ipitishwe rima, kifaa cha kupanulia tundu, hadi kingpini izunguke bila kukwama wala kucheza. Angalia pia kabari ndogo inayofunga mkono wa chuma juu ya kingpini. Ikilegea, mkono husogea kabla tairi halijajua.

Grisi ipigwe ekseli ikiwa imeinuliwa kwa jeki. Trekta ikisimama chini, uzito hufunga nafasi inayobeba mzigo, na grisi hutokea pembeni bila kufika panapohitajika.

Mwisho ni mpangilio wa matairi ya mbele. Matairi haya husukumwa, hayavuti, kwa hiyo ukinzani wa udongo huyafungua nje kwa mbele na kumaliza nafasi yoyote iliyobaki kwenye viungo. Kwa sababu hiyo huanza yakiwa yameelekea ndani kwa milimita chache. Kwanza usukani uwekwe katikati kabisa, kisha fimbo zote mbili zirefushwe au zifupishwe sawasawa. Nati ya tairodi endi ikikazwa na mfuo wake usiangaliane na tundu la kotapini kwenye shina, kaza zaidi hadi vikutane. Usiilegeze kurudi nyuma.