Malalamishi yakiongezeka, tume ya haki imefaulu au imeshindwa?

Mkuu wa kituo cha polisi akiripoti kuwa visa vya wizi wa mabavu vimepungua katika eneo lake, atapongezwa. Mwalimu mkuu ambaye alama za watahiniwa wake zimepanda atabebwa juu juu na wazazi. Lakini tume ya haki za kibinadamu ikitangaza kwamba imepokea malalamishi mengi kuliko mwaka uliotangulia, je, ishangiliwe au ilaumiwe?

Jawabu la swali hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Hilo ndilo huwaongoza wabunge wanapotenga fedha, na ndilo huamua kama ofisi ya mashinani itabaki wazi. Mwishowe, ndilo huamua iwapo mzazi aliyempoteza mwanawe korokoroni atampata wa kumsikiliza.

Kenya ilianza na Kamati ya Kudumu kuhusu Haki za Kibinadamu, iliyoundwa 1996 wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi. Kamati hiyo iliripoti kwa Rais mwenyewe, na wananchi wengi hawakuwahi kuona ilichoandika. Sheria ya 2002 ndiyo iliyozaa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ambayo ilianza kazi 2003 ikiongozwa na Bw Maina Kiai. Katiba ya 2010 iliipa mizizi katika kifungu cha 59, na sheria mpya ikapitishwa 2011.

Wasomaji wengi huichanganya na Kenya Human Rights Commission, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa 1992. Majina yanakaribiana, ila KNCHR ni chombo cha dola. Hulipwa na mlipa ushuru, na kwa hivyo mlipa ushuru ana haki ya kuuliza anapata nini.

Kama taasisi nyingine za umma, tume hii hufanya kazi kwa mpango mkakati wa miaka kadhaa, kama ule wa kuanzia 2018 hadi 2023, ambao hugawanywa katika mipango ya mwaka mmoja mmoja. Mwaka wenyewe ni ule wa kifedha, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30. Ukiisha, kifungu cha 254 cha Katiba kinaitaka tume iwasilishe ripoti kwa Rais na kwa Bunge.

Ugumu huanzia kwenye kuchagua kinachohesabiwa. Tangu 2004, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoleta kandarasi za utendakazi, maafisa wa umma nchini wamezoea kupimwa kwa shabaha na asilimia. Utaratibu huo umesaidia pale ambapo kazi ni kutoa leseni au kuunganisha umeme. Katika haki za kibinadamu, hata hivyo, kilicho rahisi kuhesabu aghalabu ndicho chenye thamani ndogo.

Chukua mfano wa warsha. Tume ikiwafunza polisi 200 kuhusu haki za mahabusu, orodha ya waliohudhuria itatiwa saini, picha zitapigwa na shabaha itakuwa imetimizwa. Iwapo mahabusu katika vituo vyao wanaendelea kupigwa usiku, warsha ile ilikuwa chai na mandazi.

Ndiyo maana Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Kibinadamu wa Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa 2012, ilipendekeza viashiria vya aina tatu. Cha kwanza huuliza kama sheria na taasisi zinazohitajika zipo. Cha pili huuliza serikali inafanya nini kuzitekeleza. Cha tatu huuliza maisha ya watu yamebadilika vipi.

Tuchukue mateso mikononi mwa maafisa wa usalama. Kwa kiashiria cha kwanza Kenya ina alama nzuri, kwani Sheria ya Kuzuia Mateso ilitiwa saini 2017 na kuikabidhi KNCHR jukumu la kufuatilia utekelezaji wake. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuunda huduma maalumu ya kuchunguza vifo vyenye utata. Hiyo ya pili ilikaa miaka na mikaka ikiwa karatasi tu, bila ofisi wala afisa. Anayeishia kwenye kiashiria cha kwanza angeandika kuwa yote mawili yametimizwa, huku familia zikiendelea kuzika bila kujua kilichowaua wapendwa wao.

Upo mfano wa kutia moyo. Kwa miaka mingi huntha, yaani watu wanaozaliwa na maumbile ambayo hayaingii moja kwa moja katika jinsia ya kiume wala ya kike, hawakuwamo katika takwimu zozote za taifa. KNCHR ilitia saini mkataba wa ushirikiano na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, mnamo 2017, na suala la huntha likasukumwa hadi likafika kwenye fomu za sensa. Katika sensa ya Agosti 2019, Kenya ikawahesabu: watu 1,524. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto huntha waziwazi na kumwekea kinga.

Idadi hiyo huenda ni ndogo kuliko hali halisi, kwa kuwa si kila mzazi atamfungulia karani wa sensa siri ya nyumba yake. Lakini hapa mnyororo unaonekana wote, kuanzia utetezi hadi takwimu na kutoka takwimu hadi sheria. Mtu anaweza kuonyesha kidole na kusema kwamba jambo hili halikuwepo, sasa lipo.

Mambo mengine hayapangiki. Hakuna mpango wa mwaka ulioandikwa 2023 ambao ungeweka shabaha ya kuhesabu waliouawa katika maandamano ya vijana kupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Juni 30 mwaka huo, Rais William Ruto alisema katika mahojiano kuwa watu 19 walikuwa wamefariki. Siku iliyofuata, ambayo ndiyo ya kwanza ya mwaka mpya wa kifedha, KNCHR ikatoa hesabu yake: waliofariki 39, majeruhi 361, na visa 32 vya watu kutoweka kwa lazima. Kufikia mwishoni mwa Desemba, visa vya waliotekwa nyara au kutoweka vilivyorekodiwa tangu Juni vilikuwa 82, na watu 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko.

Kazi kama hiyo utaipima kwa shabaha gani? Hesabu ilipotolewa, haikuwa imemfikisha yeyote mahakamani. Hata hivyo iliwazuia wengine kuzikwa pia katika takwimu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tume ambayo haikuacha nafasi wala akiba katika mpango wake kwa dharura ya aina hiyo imepanga vibaya, hata ikitimiza kila warsha.

Kuna kizuizi kingine. KNCHR inaweza kuchunguza, kuwaita mashahidi na kupendekeza, haiwezi kushtaki. Ushahidi wa uhalifu huelekezwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ripoti yake ya Agosti 2008 kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi ilitumiwa na Tume ya Jaji Philip Waki, iliyoandika kuwa watu 1,133 waliuawa. Waliohukumiwa nchini kwa mauaji hayo walibaki wachache mno. Kuilaumu KNCHR peke yake kwa hilo ni kumchapa mpiga mbiu kwa sababu wanakijiji hawakuamka. Inachopaswa kuulizwa ni kama ilirudi tena na tena kubisha hodi katika ofisi zilizopelekewa mapendekezo hayo.

Tukirejea kwenye malalamishi, tuseme idadi yake imeongezeka Wajir, ambako tume ina ofisi. Huenda maovu yamezidi. Huenda pia watu waliokuwa wakinyamaza wameanza kuamini kwamba wakisema watasikizwa, na hapo ongezeko ni sifa. Tofauti hujulikana kwa kutazama mengine: ni malalamishi mangapi yalihitimishwa, yalichukua muda gani, nani walileta, na nani hawakuleta kabisa. Tume inayopewa shabaha ya kupunguza malalamishi itaitimiza kwa urahisi kwa kufunga mlango wake saa nane mchana.

Kwa hivyo anayeifungua ripoti ya mwaka asikwamie kwenye kurasa za picha na hotuba. Atafute sehemu inayoeleza mapendekezo ya miaka iliyopita yalifikia wapi, na ni idara gani haikujibu. Kifungu cha 254 kinataka ripoti hizo zichapishwe na kutangazwa kwa umma. Pia kinampa Rais, Bunge la Kitaifa na Seneti mamlaka ya kuitaka tume, wakati wowote, iandike ripoti kuhusu suala mahususi, na hakuna kinachomzuia mpigakura kumwomba mbunge au seneta wake alipendekeze moja.