Sauti ya Pili

Barabara ya Taifa Namba 3 inatoka Bukavu, inapita Bunyakiri na Hombo, kisha inazama msituni kuelekea Walikale na Kisangani. Itebero iko humo njiani. Anayeijua barabara hiyo majira ya mvua anajua pia kwa nini chumvi na sabuni hufika zimekwisha kupanda bei. Picha ya mpira haina shida hiyo. Inashuka kutoka angani, inaingia kwenye sahani iliyofungwa juu ya bati, na mwenye kibanda cha sinema akiwa na esanse ya kutosha kwenye jenereta, mechi ya Madrid inaonekana msituni sawa na inavyoonekana Kinshasa.

Ndani ya kibanda cha namna hiyo, Itebero au kituo kingine chochote cha Walikale, utakuta Wakano, Wanyanga, Watembo, Wakomo, na wafanyabiashara waliotoka Bukavu. Wanabishana kwa Kiswahili. Wanamlaumu refa kwa Kiswahili. Mtangazaji kwenye televisheni, yeye, anasema Kifaransa.

Kazi yangu ni mambo ya utangazaji, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: kwani wenye televisheni hawajui kwamba sisi ni wengi? Wanajua. Jibu limo katika namna mechi zinavyouzwa, na kwa kulielewa vizuri naomba twende kwanza Los Angeles, Marekani, ambako watu wa lugha nyingine walikaa miaka mingi katika hali hii hii.

Mwaka 1959 kijana mmoja kutoka Ecuador, Jaime Jarrín, alianza kutangaza besiboli ya timu ya Dodgers kwa Kihispania redioni. Kwao Ecuador mchezo wenyewe haukuwa na wafuasi. Alijifunza akiwa Marekani. Miaka ile ya mwanzo timu ilipocheza ugenini redio yake haikumsafirisha. Alibaki studio Los Angeles, anasikiliza matangazo ya Kiingereza sikioni na kuyageuza papo hapo kuwa Kihispania, kana kwamba mchezo anauona kwa macho yake. Aliendelea na kazi hiyo hadi 2022.

Kisha ukaja mwaka 1981. Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, Mexico, alipewa mpira arushe siku ya ufunguzi wa msimu. Akashinda michezo yake minane ya kwanza mfululizo. Familia za Kimexico ambazo hazikuwahi kukanyaga uwanja wa Dodgers zilianza kuujaza, na redio ya Kihispania ikapata wasikilizaji ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Valenzuela alikuwa hajui Kiingereza, kwa hiyo Jarrín ndiye aliyekaa kando yake kumtafsiria mbele ya waandishi wa habari.

Fundi wa televisheni ataongeza jambo moja hapo. Mwaka 1984 Marekani iliidhinisha mfumo mpya wa sauti ya televisheni wenye njia ya ziada ya sauti, pembeni ya ile ya kawaida. Mtazamaji anabonyeza kitufe, picha inabaki ile ile, lugha inabadilika. Mashirika mengi yaliitumia njia hiyo kwa Kihispania. Ilikuwa faida, lakini ilikuwa pia kukaribishwa nyumbani kwa mtu na kuketishwa uani: matangazo ya biashara, mahojiano, maandishi ya kwenye kioo, yote yalibaki Kiingereza. Lugha ya watu ilikuwa sauti ya pili.

Mwaka 1992 kampuni ya Nielsen, inayopima watazamaji wa televisheni Marekani, ilianza kuwapima watazamaji wa Kihispania kwa kipimo chao wenyewe. Mwaka uliofuata, 1993, kituo cha michezo cha Los Angeles kilichoitwa Prime Ticket kilifungua chaneli nzima ya Kihispania, La Cadena Deportiva. Sidhani tarehe hizo mbili zilikaribiana kwa bahati. Mwenye sabuni hanunui tangazo mbele ya watu asiojua idadi yao. Chaneli hiyo ilibadilishwa jina mara kadhaa: mwaka 1996 ikawa Fox Sports Américas, baadaye ikawa Fox Sports en Español, na tangu 2010 ni Fox Deportes. Februari 2, 2014 ilionyesha Super Bowl, fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, na hiyo ikawa mara ya kwanza fainali hiyo kutangazwa nchini Marekani katika chaneli ya Kihispania. ESPN nao walikuwa wamefungua yao mwaka 2004.

Lakini kitu kilichowafikisha hapo hasa ni mkataba. FIFA inapouza Kombe la Dunia Marekani, inaliuza mara mbili: haki za Kiingereza kwa mmoja, haki za Kihispania kwa mwingine. Nchi moja, mechi zile zile, wanunuzi wawili. Mwaka 2011, haki za mashindano ya 2018 na 2022 zilipouzwa, Fox waliochukua Kiingereza walilipa dola milioni 400 na kitu. Telemundo waliochukua Kihispania walilipa takribani milioni 600. Lugha iliyokuwa uani ilitoa fedha nyingi kuliko ya sebuleni.

Turudi Itebero. Afrika, haki za mechi haziuzwi kwa lugha ambayo watu wanaisema. Zinauzwa kwa nchi, na nchi zimepangwa mafungu kwa lugha ya mkoloni: Afrika ya Kifaransa huku, Afrika ya Kiingereza kule. Kwa miaka mingi fungu la kwanza lilikuwa la Canal+ ya Ufaransa, na la pili la SuperSport ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1988. Katika ramani hiyo Kongo imo kwenye Kifaransa. Kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kitshiluba, ramani haiulizi. Mtu wa Itebero anayeelewana bila mkalimani na mtu wa Kigoma amewekwa chumba kimoja na mtu wa Dakar, ambaye hana naye hata salamu moja ya pamoja.

Jambo linaloniuma kama mtu wa fani hii ni kwamba lugha ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika kurusha mpira. Gharama kubwa ni haki zenyewe. Zinafuata kamera, magari ya kurushia matangazo, mafundi na kukodi nafasi kwenye setilaiti. Picha inapotoka uwanjani kwenda kwa wanunuzi wa dunia nzima huambatana na sauti ya uwanja peke yake: makelele ya mashabiki, filimbi, mpira unavyopigwa. Kila mnunuzi anaongeza mtangazaji wake juu ya sauti hiyo. Kuongeza Kiswahili ni watu wawili, maikrofoni mbili, chumba kisichopitisha kelele na kioo cha kutazamia. Hawahitaji hata kusafiri.

Na watangazaji hatujawahi kuwakosa. Kenya ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025, mtu aliyeweza kukufanya uuone uwanja wa Nairobi ukiwa umefumba macho. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Ahmed Jongo, na ilikuwa na Charles Hilary, aliyefariki Mei mwaka huo huo. Hao walitangazia watu wasio na picha. Ilibidi waseme mpira uko wapi, nani yuko nao, anaelekea upande gani, na waseme kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Ziwa Tanganyika na mkulima wa Mbeya wote wanakishika. Mawimbi ya redio hizo yalivuka ziwa, na wazee wengi wa mashariki ya Kongo walizijua Simba na Yanga, klabu kubwa za Dar es Salaam, kwa sauti kabla ya kuziona.

Hilary, baada ya miaka ya BBC huko London, alirudi nyumbani akajiunga na Azam. Hapo ndipo tunapopata kile ambacho kwetu kinakaribia kisa cha Los Angeles. Azam TV, mali ya kundi la makampuni la Bakhresa, ilianza kurusha matangazo Desemba 2013 ikiwa na Ligi Kuu ya Tanzania Bara mkononi. Haikuweka Kiswahili kama sauti ya pili. Uchambuzi, mahojiano, matangazo ya unga na ya juisi, maandishi ya matokeo chini ya kioo, vyote Kiswahili. Mei 2021 ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi ambayo zamani ilikuwa ikichezwa mchana bila kamera yoyote ikawa inaonekana karibu mechi zote.

Fedha za televisheni, pamoja na za wadhamini, ziliwawezesha wakubwa wa Dar es Salaam kununua wachezaji nje, na nje ya karibu zaidi ilikuwa Kongo. Heritier Makambo, Mukoko Tonombe, Djuma Shaban, Yannick Bangala, Henock Inonga, Jean Baleke, Maxi Nzengeli, Elie Mpanzu: orodha ni ndefu. Wa kulinganishwa na Valenzuela ni Fiston Mayele. Alitoka AS Vita ya Kinshasa akafika Yanga mwaka 2021, na kila akifunga alitetemeka mwili mzima, hadi neno “kutetema” likawa la watoto wa shule. Msimu wa 2022/23 aliongoza kwa mabao katika Kombe la Shirikisho Afrika na kuifikisha Yanga fainali. Katika makundi ya msimu huo huo Yanga waliifunga TP Mazembe 3-1 Dar es Salaam na 1-0 kwao Lubumbashi. Nadhani watu hawakuupima uzito wa mechi zile: miji miwili ya Kiswahili, mashabiki wa pande zote wanaoweza kutaniana bila kubadilisha lugha.

Kiswahili chenyewe si kimoja, na hilo lisemwe wazi. Walikale mlinda mlango ni gardien, king'amuzi ni dekoda, kulipia mwezi ni abonema. Mtangazaji wa Dar es Salaam akisema “mpira wa kuotea” kuna watakaokunja uso kwanza. Lakini Kihispania cha Marekani nacho ni cha Wamexico, Wakuba, Wapuerto Rico na wengine, na sauti maarufu kuliko zote kwa kuvuta neno “gol”, Andrés Cantor, ni mzaliwa wa Buenos Aires. Sikio huzoea.

Mwale wa setilaiti haujui mpaka wa Bunagana wala wa Rusizi. Azam hutumia setilaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 7 mashariki, kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, karibu sawasawa na kisiwa cha São Tomé. Sahani inayoitafuta kutoka Walikale lazima itazame machweo, tena juu sana, na hiyo ni nafuu kwa watu wa msituni, kwa kuwa miti haizibi njia kirahisi. Mvua ndiyo adui. Mawimbi ya masafa haya yana urefu wa sentimita mbili na kitu, na tone kubwa la mvua humeza sehemu ya nguvu yake. Ndiyo maana mvua kubwa ya saa kumi jioni huigandisha picha mshambuliaji akiwa amekwisha inua mguu, na kibanda kizima kinapiga kelele. Hakuna aliyeharibu kitu. Sahani kubwa kidogo, iliyofungwa na fundi anayejali nusu nyuzi, itastahimili zaidi.

Kinachokatwa na mpaka ni haki na malipo. Hapo ndipo hesabu inapotuumiza. Kibanda chenye watu 60 kina dekoda moja na abonema moja, na kwenye vitabu vya kampuni hao 60 ni mteja mmoja. Wasemaji wa Kihispania wa Los Angeles walikuwa na Nielsen wa kuwahesabu. Sisi hatuna, na mimi naamini kazi ya kwanza ya mtu anayetaka Kiswahili kiuzwe kama fungu lake ni kuwahesabu watu wa vibandani, kutoka Itebero hadi Mwanza hadi Mombasa.

Milango haijafungwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuichukua MultiChoice, wenye SuperSport, kwa hiyo fungu la Kifaransa na lile la Kiingereza sasa yamo chini ya paa moja. Ukuta uliowatenga Waswahili wa Kongo na wenzao umekuwa ukuta wa ndani ya nyumba, na mwenye nyumba akitaka anaweza kutoboa mlango.

Watazamaji wenyewe hawajangoja. Kampala, VJ Jingo alijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiganda. Nairobi yuko DJ Afro, Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, wote kwa sauti iliyowekwa juu ya sauti. Jioni moja nilikuwa katika kibanda cha njia hiyo ya msituni, robo fainali ya Ulaya inaendelea. Mwenye kibanda alichukua rimoti akabonyeza kitufe cha lugha. Kifaransa. Akabonyeza tena: Kiingereza. Mara ya tatu ikabaki sauti ya uwanja peke yake. Akaiacha hapo. Kijana aliyekaa kwenye benchi la mbele, bila kuombwa na mtu, akasimama kando ya televisheni, akageuka nusu ili aione picha na atuone na sisi, akaanza kututangazia.