Mwenye Haya Hatumi Lalamiko

Silanga ni kijiji kimojawapo cha Kibera, Nairobi. Mwaka 2009, ramani nyingi zikiwa bado zimeiacha Kibera kama uwanja mtupu, vijana 13 wa hapo walipita vichochoro kwa miguu wakaichora wenyewe. Kisha wakazi wakaweza kutuma habari zao kwa simu, kwa programu ya Ushahidi iliyoundwa Kenya mwaka 2008.

Lakini nani hutuma? Hapo ndipo penye kisa. Wataalamu wa nafsi huzihesabu tabia kuu za mwanadamu kuwa 5. Mchangamfu huandika papo hapo, sifa na lawama pamoja. Mwenye wasiwasi hulalamikia kila dogo. Mpole, programu ikimshinda, hujilaumu mwenyewe, akaizima simu, akanyamaza. Na fundi akadhani ameridhika!

Sisi wa pwani twajua kimya cha mwari aliyeposwa huhesabiwa idhini. Kimya cha mtumiaji wa programu si idhini hata chembe. Fundi naye avipite vichochoro vya Silanga, aketi kando ya mama, atazame kidole chake kinakwama wapi.