Mwanga Unaofika Ndio Unaotibu

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, takriban 3 huja na baka jekundu au la zambarau, mara nyingi usoni, bapa kama mvinyo uliomwagika. Si laana, na mama hakukosea chochote wakati wa ujauzito. Ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka ndani ya ngozi, mara nyingi kutokana na hitilafu katika jeni ya GNAQ iliyobainishwa mwaka 2013. Baka hilo hukua na mtoto, na kwa wengi huiva rangi na kunenepa ukubwani.

Tiba iliyozoeleka ni leza. Nchini China, tangu miaka ya 1990, madaktari wanatumia pia njia nyingine. Siku hizi mgonjwa hudungwa dawa ya hemoporfini mshipani, kisha baka humulikwa kwa mwanga wa kijani wa nanomita 532. Dawa hiyo ikipigwa na mwanga, nayo oksijeni ikiwepo, huzaa kemikali kali inayoharibu utando wa ndani wa mshipa mbovu hadi ukaziba.

Dozi ya dawa hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Mtihani uko kwenye dozi ya mwanga.

Chukua chungwa, ulimulike gizani kwa tochi. Upande unaoielekea tochi unang'aa, na kadiri ganda linavyopinda ndivyo mwanga unavyofifia. Shavu, pua na taya ni vivyo hivyo. Mwanga wa miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba, ukitua wima kwa dakika 20, huipa kila sentimita ya mraba ya ngozi jouli 120. Ukitua kwa mshazari wa nyuzi 60 kutoka wima, eneo kama hilo hupata jouli 60 tu. Mashine ni ile ile na dakika ni zile zile, lakini upande mmoja umepata nusu ya tiba. Mwanga ukipungua, baka hubaki. Ukizidi, ngozi hutoka malengelenge na huenda ikaacha kovu.

Ndiyo maana daktari makini huugawa uso katika vipande, akakigeuzia kila kimoja taa yake, huku ngozi isiyo na baka ikifunikwa kwa kitambaa cheusi. Taa pana za LED husaidia kusambaza mwanga sawasawa. Watafiti wanajaribu kamera zinazochora umbo la uso ili kila sehemu ipewe kiasi chake hata mgonjwa akitikisika.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la ziada. Melanini hufyonza mwanga wa kijani kabla haujaufikia mshipa, na kuugeuza joto. Vipimo vilivyowafaa wagonjwa wa Beijing haviwezi kunakiliwa tu Dar es Salaam au Mombasa. Lazima vipimwe upya kwenye ngozi zetu, kwa uangalifu.

Mzazi, baka likiwa kwenye paji la uso au kope, mpeleke mtoto mapema akaangaliwe macho na ubongo, maana huweza kuambatana na presha ya macho au kifafa. Na siku utakapoelezwa kuhusu tiba ya mwanga, usiulize nguvu ya mashine pekee. Uliza: mwanga utakaofika kwenye ngozi ya mwanangu utapimwaje?