Mlipuko Unavyoumiza Ubongo Bila Kuacha Jeraha

Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari watatu waliolipukiwa na makombora karibu yao. Kwa nje hawakuonekana wameumia sana, lakini kumbukumbu, kuona, kunusa na kuonja kulikuwa kumeharibika. Wengi hawakuamini hali kama hiyo. Waliona ni woga tu. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita hiyo, kwa makosa kama utoro na woga. Walikuwa wamekufa miaka tisini kabla.

Nini hutokea ndani ya kichwa? Bomu linapolipuka, hewa husukumwa ghafla na kuwa wimbi la mgandamizo linalokwenda kasi kuliko sauti. Wimbi hilo hupita katika fuvu na kuacha ngozi nzima. Ndani, sehemu ya kijivu ya ubongo, yenye miili ya seli, na sehemu nyeupe, yenye nyuzi ndefu zinazounganisha seli hizo, hazitikisiki kwa namna moja. Zinapokutana, huvutana. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, akiwamo Daniel Perl, walieleza makovu waliyoyakuta katika bongo za wanajeshi waliowahi kupatwa na milipuko. Mpaka huo ni mojawapo ya mahali yalipokuwa.

Uzi wa neva ukivutwa polepole hunyumbuka. Ukivutwa ghafla, vijibomba vyembamba vilivyo ndani yake hukatika, navyo ndivyo njia ya kusafirishia mahitaji ya uzi mzima. Mizigo hurundikana kama malori mbele ya daraja lililobomoka, na uzi huvimba. Kisha kalsiamu huingia kupita kiasi na kuamsha vimeng'enya vinavyokula kiunzi cha uzi. Kwa hiyo nyuzi nyingi hukatika saa au siku kadhaa baada ya mlipuko wenyewe. Zinazobaki huweza kuchubuka ganda lao la mafuta, na ujumbe ukachelewa au ukapotea njiani.

Kipimo cha kawaida cha CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, kwa hiyo majibu huweza kusema mtu ni mzima. Hapo ndipo tunapokosea sisi wa nyumbani. Askari wa Uganda na Burundi walikwenda Somalia mwaka 2007, wa Kenya mwaka 2011, na mabomu ya kutegwa barabarani ni silaha ya kawaida huko. Akirudi parokiani mmoja wao, akawa msahaulifu, mkali, asiyelala, mwenye kichwa kinachouma na asiyevumilia kelele za kwaya, tunasema amelogwa au amekuwa mlevi.

Tumsindikize kwa daktari wa neva, tukimsaidia kueleza alikuwa umbali gani na mlipuko, kama alipoteza fahamu, na ni milipuko mingapi iliyompata.