Treni Ndogo Yenye Masizi ya Kazi

Treni ya mfano itokapo sandukuni hung'aa kama sahani mpya. Hiyo ndiyo ila yake, kwani treni ya kazi haing'ai. Tutazame vile vichwa 34 vya Garratt vilivyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, vikavuta mabehewa baina ya Mombasa na Nairobi kwa majina ya milima yetu. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee, lakini safari iliifunika.

Kuuzeesha mfano wake, kwanza tuuoshe kwa sabuni, ukauke. Tuupake rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, kisha tuipanguse kutoka juu kwenda chini, kama mvua itiririkavyo. Weusi utabaki mishononi. Masizi yakae penye bomba la moshi, na vumbi jekundu la Tsavo, kwa unga wa chaki, yalipo magurudumu. Mabehewa yapewe kutu mbalimbali, maana hayakuzeeka siku moja. Vanishi isiyong'aa ndiyo tamati.

Akina mama, madirisha yawe wazi na watoto wafunike pua, kwani unga huo huingia mapafuni.

Na kabla ya brashi kuguswa, mtoto na akamwulize babu aliyefanya kazi relini masizi yalikaa wapi. Rangi hununuliwa dukani wakati wowote. Kumbukumbu ya mzee huondoka naye.