Chujio Kavu na Uhai wa Injini

Kiangazi kinapoingia, vumbi ndilo bwana wa barabara zetu. Tangu mwezi wa Juni hata kufikia Oktoba, mtu asafiriye vijijini katika mikoa ya Dodoma, Singida au Shinyanga huliona wingu la gari kabla ya kuliona gari lenyewe. Wakazi wa kando ya barabara hulilalamikia vumbi hilo, na wana haki. Lakini yuko mlalamikaji mwingine asiye na kinywa, naye ni injini, ambayo hulivuta vumbi hilo kutwa nzima wala haina uwezo wa kukohoa.

Tumeona vema kulizungumza jambo hili leo kwa sababu maduka ya vipuri siku hizi yana machujio ya hewa yanayosifiwa kwamba huongeza nguvu za gari, na miongoni mwake yamo yasiyopakwa oili, yaani machujio makavu. Vijana huyanunua kwa kupenda mwendo, na wenye teksi huyanunua kwa tamaa ya kubana petroli. Je, yafaa kuyanunua? Jibu letu ni kwamba yafaa, lakini kwa yule ajuaye anachokinunua.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Ili kuunguza kilo moja ya petroli, injini huhitaji kadiri ya kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila lita moja ya petroli huandamana na lita zipatazo 9,000 za hewa. Basi gari linalokunywa lita 10 kwa siku huwa limevuta hewa ya kujaza mapipa 450 ya lita 200. Ndani ya hewa hiyo mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko sehemu nyingi za chuma cha injini. Zinazodhuru zaidi si zile zionekanazo kwa macho, bali zile za maikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70. Hizo ndizo zipenyazo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikasaga kimyakimya. Bandu bandu huisha gogo. Mwenye gari hushtuka siku aonapo moshi wa buluu nyuma yake, na oili inapungua kila wiki.

Wazee waliopata kuendesha Land Rover za zamani watakumbuka chujio lililokuwa na bakuli la oili, ambamo vumbi lilinaswa. Baadaye yakaenea machujio ya karatasi, ambayo hata leo ndiyo yaliyomo katika magari mengi yatokapo kiwandani. Wapenda mwendo nao wakaletewa machujio ya pamba iliyopakwa oili, yapitishayo hewa kwa wepesi na kufuliwa yakichafuka. Walakini yana sharti moja gumu: baada ya kufuliwa hayana budi kupakwa oili kwa kiasi. Ikipungua, vumbi hupita. Ikizidi, huweza kupeperushwa na hewa hadi kwenye waya mwembamba wa sensa ipimayo hewa. Waya huo ukichafuka, kompyuta ya gari hupokea habari zisizo za kweli, na injini hupewa petroli isiyolingana na hewa.

Chujio kavu limekuja kuiondoa taabu hiyo. Limefumwa kwa nyuzi za kiwandani, kama vile poliesta, tena kwa tabaka, nalo hukamata vumbi bila msaada wa oili. Likichafuka hufuliwa kwa maji na sabuni hafifu, hukaushwa kivulini, kisha hurudishwa mahali pake. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, wala si ndogo kwa mtu aishiye mbali na duka la vipuri.

Ama kuhusu nguvu, hatuna budi kusema wazi. Gari la kawaida ambalo chujio lake la karatasi ni safi halitapata nguvu za kushangaza kwa kubadilishiwa chujio tu. Mara nyingi kinachoongezeka ni mngurumo, na dereva hudhani kwamba sauti ni nguvu. Na kuhusu kubana petroli, mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi ulioonyesha kwamba katika magari ya kisasa yaongozwayo na kompyuta, hata chujio lililoziba halikubadili sana ulaji wa petroli. Kilichodhoofika ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Ni magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyonufaika kidogo kwa kuwekewa chujio safi. Kwa hiyo anunuaye chujio la bei kubwa akitaraji kulirudishia bei yake kwa petroli atangoja sana.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza, aulize chujio hukamata vumbi kiasi gani lilipopimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 5011. Hapa watu wengi hudanganyika kwa hesabu. Tuseme chujio moja hukamata asilimia 99 na jingine asilimia 96. Mtu atasema tofauti ni ndogo. Sivyo. La kwanza hupitisha sehemu 1 katika 100, na la pili hupitisha sehemu 4. Yaani injini ya pili hula vumbi mara nne. Tusihesabu vumbi lililokamatwa, tuhesabu lililopita.

Pili, chujio likae sawasawa ndani ya sanduku lake, na mpira wa ukingoni ubane pande zote. Chujio bora lenye mwanya ukingoni ni sawa na mlango wa mninga katika nyumba isiyo na ukuta. Tatu, ajihadhari na machujio ya umbo la pia yafungwayo wazi karibu na injini, kwa maana huvuta hewa ya moto. Joto la hewa likipanda kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kwa asilimia 3 hivi, na nguvu iliyotafutwa ikapotea.

Tunamjua dereva mmoja wa teksi aliyefunga chujio la namna hiyo, la bei nafuu, lisilo na maelezo yoyote ya kipimo. Alifurahia sauti yake kwa kiangazi kimoja tu. Masika yalipoingia injini ilikuwa imefunguliwa, silinda zimelika, na ada ya shule ya watoto imekwenda kwa fundi. Duka hatulitaji, kwani kosa lilianza kwa mnunuzi asiyeuliza.

Iko pia desturi moja katika gereji zetu ambayo twaomba ikome: kulipuliza chujio kwa upepo mkali wa kompresa kila gari lipitapo. Upepo huo huweza kupasua karatasi au kutanua nyuzi za chujio kavu, na tundu dogo latosha kuliharibu. Wala chujio kavu lisisafishwe kwa petroli, na kamwe lisipakwe oili. Kila baada ya safari ndefu ya vumbi, mwenye gari afungue sanduku na kupangusa kwa kitambaa cheupe upande wa ndani, uendao kwenye injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, chujio hilo limeshindwa kazi, hata kama limenunuliwa ghali namna gani.

Wauzaji nao tunawataka wawe waungwana, wawaonyeshe wateja kipimo cha chujio kabla ya kuwasimulia nguvu zake. Na wenye magari tunawaambia: chagueni chujio kavu kwa ajili ya kuilinda injini na kupunguza gharama za kununua machujio mapya, nguvu ikiongezeka, iwe ni bahati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa silinda hujengwa kwa fedha nyingi.